Kengele ya Moto Ikiwa Bubu: Lindo la Moto Hufanywaje

Jengo lenye kengele ya moto na sprinkla, yaani vinyunyizio vya maji vya darini, halilindwi kila saa ya kila siku. Vali hufungwa ili fundi abadilishe bomba linalovuja. Paneli ya kengele hupigwa na radi. Pampu ya maji ya zimamoto hufunguliwa kwa matengenezo, kisha kipuri kinachosubiriwa hakifiki. Wapaka rangi huvivika vitambuzi vya moshi vifuniko vya plastiki ili vumbi lisivichokoze, kazi inaisha, vifuniko vinabaki. Wakati wote huo jengo linaendelea kukaliwa. Watu wanalala, wanafanya kazi, wanapika, na pengo lililoachwa na mtambo huzibwa na binadamu mwenye tochi, simu na daftari. Hilo ndilo lindo la moto.

Kwenye karatasi kazi hiyo inaonekana nyepesi. Kanuni zinazofuatwa au kuigwa katika nchi nyingi ni za NFPA, chama cha Marekani cha kinga dhidi ya moto. Zinataka hivi: kengele inayotakiwa kisheria ikikaa nje ya kazi kwa zaidi ya saa 4 ndani ya kipindi cha saa 24, mamlaka ya zimamoto iarifiwe, kisha watu watolewe jengoni au liwekwe lindo lililokubaliwa na mamlaka hiyo mpaka kengele irudi. Kwa sprinkla kikomo ni saa 10, na hapo kuna njia mbili zaidi za kuchagua: kuleta maji ya muda kutoka kwingine, au kuwa na mpango ulioidhinishwa wa kuondoa vyanzo vya moto na kupunguza vitu vinavyoweza kuungua. Saa hizo hujumlishwa. Kengele iliyozimwa kwa saa mbili na nusu kabla ya adhuhuri, ikarudi, ikazimwa tena kwa saa mbili jioni, imeshavuka kikomo.

Mamlaka ya eneo lako inaweza kuwa kali kuliko hapo. Zipo zinazotaka lindo tangu dakika ya kwanza, hasa mahali watu wanapolala. Kwa hiyo simu ya kuwaarifu zimamoto hupigwa kabla fundi hajashika vali.

Binadamu na kitambuzi

Kitambuzi cha moshi hunusa hewa ya chumba kimoja bila kupumzika. Mlinzi anayezunguka kila baada ya dakika 30 hukiona chumba hicho kwa sekunde chache, kisha hukiacha peke yake kwa karibu nusu saa. Moto ukizuka wakati wowote katikati ya mizunguko miwili, kwa wastani utakuwa umewaka dakika 15 kabla hajarudi. Ukizuka mara tu alipogeuza mgongo, utakuwa umewaka dakika 30.

Sasa weka hesabu hiyo kando ya majaribio ya UL, maabara ya usalama ya Marekani, ambako vyumba viwili vya sebule vilichomwa kwa makusudi. Kimoja kilikuwa na samani za kisasa, zimejaa sponji na plastiki. Kingine kilikuwa na samani za kizamani za mbao na pamba. Cha kisasa kiliwaka chote kwa mkupuo, kuanzia zulia hadi dari, kabla ya dakika 4 kutimia. Cha kizamani kilichukua karibu dakika 30 kufika hapo. Doria ya nusu saa ingekuwa na maana katika chumba cha pili. Katika cha kwanza inakuja kukuta maafa. Sprinkla ya kawaida yenye kichupa chekundu hupasuka joto lake likifika nyuzi 68 za Selsiasi, na mara nyingi huwa moto bado ni wa pipa la taka au wa kiti kimoja. Hakuna miguu inayoweza kushindana na hilo.

Kwa hiyo lindo halirudishi kilichozimwa. Linatoa mambo mawili tu: nafasi ya kuuona moto kabla haujawazidi watu, na uwezekano mdogo zaidi wa moto kuzuka. Hili la pili ndilo husahaulika, na kwa maoni yangu ndilo lenye thamani kubwa. Mlinzi aliyechomoa hita iliyoachwa chini ya meza, akaondoa kabari iliyoshikilia mlango wa ngazi, akamsimamisha fundi wa kuchomelea, amewalinda watu kuliko aliyezunguka usiku kucha akitafuta moshi.

Kwanza ujue kilichokufa

Maagizo ya lindo mara nyingi hunakiliwa kutoka jengo hadi jengo kana kwamba kila hitilafu ni moja. Si moja. Swali la kwanza ni mfumo gani umezimwa, sehemu gani, na nini bado kinafanya kazi.

Kengele ikifa huku sprinkla ziko hai, maji yatatoka yenyewe ila hakuna atakayejua wala kuamshwa. Hapa mlinzi ni jicho, pua na sauti. Anahitaji namna ya kuwafikia watu wote upesi: honi ya hewa, kipaza sauti cha mkononi, na wenzake wa kutosha kugonga milango. Kabla ya zamu kuanza, muulize swali hili: ukiuona moto ghorofa ya tatu sasa hivi, aliyelala ghorofa ya tisa ataamkaje? Akijibu kwamba atapanda kumgongea, lindo hilo bado halijapangwa. Kwenye jengo refu, hospitali au bweni, idadi ya walinzi hutokana na muda wa kuamsha na kutoa watu, na muda huo hupimwa kwa kutembea kweli, saa mkononi.

Sprinkla zikifa huku kengele iko hai, mambo hugeuka. Moto utajulikana mapema, lakini hakuna kitakachouzuia kukua. Mlinzi wa hali hii hapaswi kutumia nguvu zake zote kutafuta moshi ambao kitambuzi kitauona kabla yake. Kazi yake kubwa ni kuhakikisha milango ya kuzuia moto imefungwa, mizigo haijalundikwa, mashine za joto zimezimwa, na hakuna anayewasha kitu. Ghala la rafu ndefu ni mfano mbaya kuliko yote, kwa kuwa mara nyingi sprinkla ndizo tegemeo la jengo zima. Moto ukishapanda rafu, mtu mwenye mtungi wa kuzimia moto ni mtazamaji tu. Mahali kama hapo ni busara kusimamisha baadhi ya shughuli kabisa mpaka maji yarudi.

Pampu au mabomba ya zimamoto yakifa, anayedhurika zaidi ni askari wa zimamoto mwenyewe. Atafika, ataunganisha mipira yake, atapanda, atafungua, na hatapata kitu. NFPA 25, kanuni ya ukaguzi na matunzo ya mifumo ya maji, inataka kibao cha tahadhari kiwekwe kwenye kila vali iliyofungwa na kwenye kila kiungio ambacho zimamoto huingizia maji. Kibao hicho ni kwa ajili ya askari huyo, aliyefika usiku na hajui historia ya jengo.

Jiko la biashara ambalo mtambo wake wa kuzima moto wa mafuta umetolewa kwa matengenezo halihitaji mlinzi. Linahitaji kuzimwa.

Ipo hali nyingine iliyofichika. Fundi anapofanya kazi, kituo cha uangalizi wa kengele huombwa kiliweke jengo katika hali ya majaribio, ili kila ishara isiitie zimamoto bure. Kengele italia ndani, taa zitawaka, na mtu aliye jengoni ataamini kwamba gari liko njiani. Kule kituoni ishara itaandikwa tu, hakuna atakayeitwa. Jengo lililo kwenye majaribio lihesabiwe kuwa halina simu ya kwenda zimamoto, na mlinzi aambiwe hivyo waziwazi: simu ni yako, piga mwenyewe.

Kengele iliyolia wakati wa matengenezo

Usiku wa tarehe 4 Mei 1988, jengo la First Interstate Bank mjini Los Angeles, lenye ghorofa 62, lilikuwa likiwekewa sprinkla. Kazi ilikuwa imekamilika kwa takriban asilimia 90, pamoja na ghorofa ambazo baadaye ziliungua. Vali zilikuwa zimefungwa, zikisubiri kuwekewa vifaa vya kutoa ishara maji yanapotiririka. Bomba lilikuwapo, vichwa vya sprinkla vilikuwapo, maji hayakuwapo.

Moto ulianza ghorofa ya 12. Kengele ililia, na watu wa ulinzi waliokuwa chini wakaizima, wakidhani ni mafundi wa sprinkla wanaisumbua. Vitambuzi vya ghorofa ya 12 vikaleta ishara, paneli ikasetiwa upya. Ishara ikarudi, ikasetiwa tena. Kisha mfanyakazi wa matengenezo akapanda lifti kwenda kuangalia kulikoni. Lifti ilimfungulia mlango kwenye moto, naye akafa. Taarifa za kwanza zilizofika zimamoto zilitoka kwa watu waliokuwa nje ya jengo, walioona miali kwenye madirisha. Ghorofa nne ziliungua zote na nyingine moja kwa sehemu.

Tukio hili hutajwa sana kama hoja ya kuweka sprinkla kwenye majengo marefu, na ni hoja ya kweli. Kwa anayepanga lindo, hata hivyo, lina jambo jingine. Matengenezo yenyewe yalikuwa yamewapa walinzi maelezo tayari ya kila kengele: ni mafundi hao. Mtu akishakuwa na maelezo hayo kichwani, ishara ya kweli haina nafasi ya kuaminiwa. Dawa yake ni kanuni isiyo na mlango wa nyuma: wakati wa matengenezo, hakuna anayeseti paneli upya mpaka mtu amefika mahali paneli inapopataja, ameona kwa macho, na ametoa jibu kwa simu ya upepo. Ishara ya pili kutoka eneo hilohilo ni moto, na zimamoto waitwe bila kungoja jibu la mtu yeyote.

Na huyo anayekwenda kuangalia asipande lifti mpaka ghorofa inayotajwa. Miaka mitatu baadaye, tarehe 23 Februari 1991, mhandisi wa jengo la One Meridian Plaza huko Philadelphia alifanya hivyo ishara ilipoonyesha ghorofa ya 22. Mlango ulifunguka, moshi na joto vikamvamia, akalala sakafuni na kuita kwa redio. Aliokoka kwa sababu mlinzi wa chini aliweza kuirudisha lifti akiwa kule chini. Wakati huo hakuna aliyekuwa amewapigia zimamoto kutoka jengoni. Simu ya kwanza ilitoka kwa mpita njia. Moto ule, ulioanzia kwenye matambara yenye mafuta ya kitani yaliyoachwa na mafundi, uliwaka kwa zaidi ya saa 18 na kuua askari watatu wa zimamoto. Ulisimama ghorofa ya 30, ya kwanza yenye sprinkla ambayo moto uliifikia ukipanda, na ni vichwa 10 tu vilivyofunguka.

Kumfikisha mtu mahali sahihi nako kuna mtego wake. Jioni ya tarehe 15 Aprili 2019 mfumo wa kanisa la Notre-Dame mjini Paris ulifanya kazi yake na kutoa ishara. Mlinzi alitumwa kwenye dari ya jengo la pembeni badala ya dari ya kanisa lenyewe, na karibu nusu saa ikapotea. Mlinzi wa moto asiyejua kwamba maandishi fulani ya paneli yana maana ya chumba fulani ni mgeni, hata kama amezaliwa mtaa huo. Kabla ya zamu ya kwanza atembezwe jengo zima akiwa na ramani, aonyeshwe kila mlango ambao hufunguliwa kwa ufunguo, na apewe funguo zenyewe.

Kuzunguka

Doria nzuri hufuata njia iliyochorwa, si hisia. Mamlaka nyingi hutaka kila sehemu isiyo na kinga ipitiwe kila baada ya dakika 30, na penye watu waliolala, wagonjwa au umati muda hufupishwa hadi dakika 15. Ukitaka kujua kama mlinzi mmoja anatosha, zunguka njia nzima kwa mwendo wa kawaida, ukifungua kila mlango unaopaswa kufunguliwa. Ukitumia dakika 40 kwa njia inayotakiwa kuisha katika 30, jibu umeshalipata, na jibu hilo haliwi kukimbia. Anayekimbia hanusi wala hasikii.

Njia ipite pale ambapo watu hawaendi. Korido zenye taa zina macho mengi tayari. Moto wa usiku hupenda chumba cha umeme, stoo ya vifaa vya usafi, chumba cha jenereta, ghala la karatasi, nafasi iliyo juu ya dari bandia, shimo la lifti, chumba cha kufulia chenye mashine ya kukaushia nguo, na sehemu yoyote mkandarasi alipofanya kazi mchana. Mlinzi atumie pua kwanza. Plastiki ya waya inayopata joto hutoa harufu kali, ya samaki au ya mkojo, muda mrefu kabla ya moshi kuonekana. Pua huzoea, kwa hiyo harufu iliyosikika mara ya kwanza isipuuzwe kwa sababu mara ya pili haisikiki.

Mlango uliofungwa huguswa kwa mgongo wa mkono, kuanzia chini kwenda juu, kabla ya kitasa. Ukiwa wa moto, au moshi unachungulia chini yake, haufunguliwi. Mlinzi anarudi nyuma, anaita, anaanza kuwatoa watu. Kuufungua ni kuupa moto hewa uliyokuwa ukiingojea.

Kati ya mambo anayoyarekebisha papo hapo, milango iliyoegeshwa wazi ndiyo ya kwanza. Mlango wa ngazi ulioshikiliwa kwa kabari hugeuza ngazi kuwa bomba la moshi, na watu hao hao wanaotakiwa kushuka kwa ngazi hiyo ndio walioiweka kabari ili wasisumbuke. Baada ya hapo ni vizuizi kwenye njia za kutokea, milango ya dharura iliyofungwa kwa mnyororo, simu na betri zinazochajiwa juu ya kitanda, taka zilizorundikwa nyuma ya jengo. Kisha anaangalia kama magari yameziba haidranti, bomba la nje ambalo zimamoto huchotea maji.

Akikuta moto, mpangilio ni mmoja: anaamsha watu, anaita zimamoto, ndipo anafikiria mtungi. Wasimamizi wengi huupindua kwa sababu mtungi uko karibu na simu inaonekana kama kukubali kushindwa. Mtungi wa mkononi huisha ndani ya sekunde 10 hadi 25 hivi. Unafaa kwa moto mdogo, mlango wa kutokea ukiwa nyuma ya mgongo wako na mtu mwingine akiwa ameshapiga simu. Vinginevyo funga mlango wa chumba hicho na uondoke.

Kazi za moto hazina nafasi hapa

Kuchomelea, kukata chuma kwa grenda, kuchoma lami ya paa. Kanuni za usalama kazini za Marekani zinakataza kukata na kuchomelea ndani ya jengo lenye sprinkla wakati sprinkla hizo ziko nje ya kazi. Hata hivyo huu ndio wakati ambapo mafundi wengi huwa jengoni, kwa kuwa mara nyingi wao ndio waliofunga vali. Cheche za grenda zinaweza kufika mbali. Kanuni huhesabu eneo la hatari kuwa mita 11 kuzunguka kazi, na cheche huingia kwenye nyufa na matundu ya sakafu. Kinachoungua hakiwaki palepale. Vumbi la mbao hufukuta kimya mpaka mafundi wameshaenda nyumbani.

Hiyo ndiyo sababu lindo la kazi za moto, ambalo ni jamaa wa hili tunalolizungumza lakini si lilelile, halimaliziki fundi anapozima mashine. Kwa miaka mingi kiwango kilikuwa dakika 30 baada ya kazi. Toleo la mwaka 2019 la NFPA 51B, kanuni ya kazi za moto, liliongeza hadi saa 1. Kama kuna kazi ambayo haiwezi kusubiri, iwe na kibali cha maandishi, mlinzi wake mwenyewe asiye yule wa doria, na maji yaliyo tayari. Mimi ningeuliza kwanza kwa nini haiwezi kusubiri.

Nani akeshe

Mlinzi wa getini si mlinzi wa moto. Anaweza kuwa, lakini si wakati anafungua geti. Lindo la moto huhesabiwa kuwa kazi pekee ya anayeifanya, kwa sababu kila jukumu la pili huchukua dakika za doria, na dakika ndizo zinazotafutwa. Awe macho, awe na nguvu za kupanda ngazi, awe na simu yenye chaji na mtandao mpaka orofa ya chini ya ardhi, au simu ya upepo iliyojaribiwa pale. Aijue anwani ya jengo kwa moyo, maana watu hushangaza jinsi wanavyosahau wanapoulizwa na zimamoto kwenye simu. Usingizi huwa mzito kati ya saa 9 usiku na saa 11 alfajiri, na zamu zipangwe zikiujua ukweli huo: watu wawili wanaopokezana ni bora kuliko mmoja hodari.

Mwenye jengo naye ana wake. NFPA 25 inamtaka ateue mratibu wa hitilafu, na kama hakumteua, basi mwenye jengo au mwakilishi wake ndiye mratibu. Ni kifungu kifupi chenye meno: hakuna hali ambapo hitilafu haina mwenyewe. Mratibu huyo ndiye anayejua mfumo umezimwa lini, utarudi lini, nani ameambiwa. Kwa matengenezo yaliyopangwa anahakikisha zana na vipuri vyote viko mahali pa kazi kabla vali haijafungwa. Sharti hili moja, likifuatwa, hufupisha malindo mengi kutoka siku hadi saa.

Kinachotokea malindo yasipofupishwa kilionekana Uingereza. Baada ya moto wa jengo la Grenfell mjini London, tarehe 14 Juni 2017, ulioua watu 72, majengo mengi ya makazi yaligunduliwa kuwa na vifuniko vya kuta vinavyoungua. Ushauri wa zamani wa mkazi kubaki nyumbani mwake moto ukiwa kwingine haukuaminika tena, na walinzi wakawekwa kukesha ili wawaamshe wote kwa pamoja. Lilikusudiwa kuwa jambo la muda mfupi. Likadumu miezi, mahali pengine miaka, na bili mara nyingi zikaishia kwa wakazi wenyewe. Desemba 2020 serikali ilitangaza mfuko wa pauni milioni 30 wa kuweka kengele za pamoja ili walinzi hao waondolewe. Lindo la kudumu ni mfumo ghali na dhaifu. Kila wiki linapoendelea, walinzi wanachoka na wakazi wanalizoea.

Daftari

Kila mzunguko huandikwa: saa ya kuanza, saa ya kumaliza, sehemu zilizopitiwa, kilichoonekana, kilichorekebishwa, jina na sahihi. Mkaguzi wa zimamoto na kampuni ya bima wataliomba. Ukurasa ambao mizunguko yote imeandikwa kwa kalamu moja, kwa mkono uleule uliotulia, kila nusu saa kamili bila hata dakika moja kupotea, unamwambia mkaguzi kila kitu anachotaka kujua. Daftari la kweli lina dakika zisizo za nusu saa kamili na malalamiko madogomadogo: taa ya ngazi ya mashariki imekufa, mlango wa stoo hauvutiki, harufu chumba cha pampu, fundi ameitwa.

Zamu zinapobadilishana, anayeondoka amtembeze anayeingia angalau sehemu zilizo na dosari. Kukabidhiana mlangoni kwa maneno matatu hakutoshi.

Kurudisha mfumo

Hatari ya mwisho huja fundi anaposema amemaliza. Vali iliyofunguliwa nusu inafanana na iliyofunguliwa yote kwa mtu anayepita, na sprinkla zinazoitegemea zitakaa miaka zikionekana nzima. Kwa hiyo baada ya vali kufunguliwa hufanywa jaribio la mfereji mkuu: maji huachwa yatoke kwa nguvu kwenye bomba la kumwagia, geji husomwa maji yakiwa yametulia na yakiwa yanatiririka, na namba hulinganishwa na za jaribio lililopita. Msukumo ukishuka sana maji yanapotoka, kuna kitu bado kimefungwa au kimeziba. Kwa kengele, kila kitambuzi kilichoguswa hujaribiwa, vifuniko vya plastiki huhesabiwa vikitolewa kama vilivyohesabiwa vikivalishwa, na ishara hutumwa hadi kituo cha uangalizi mpaka mtu wa kule athibitishe kwa sauti kwamba ameipokea na kwamba jengo halipo tena kwenye majaribio.

Mpaka uthibitisho huo upatikane, mlinzi anaendelea kuzunguka. Baada yake vibao vinaondolewa, vali inafungwa kwa kufuli ikiwa wazi, zimamoto, bima na wakazi wanaarifiwa, na mratibu anaandika saa ya kumalizika kwenye mstari wa mwisho wa daftari.